Ng'ombe wa Mpwapwa na Daftari la Zizi Letu

Ndugu wanafunzi wenzangu wa zamani, na ninyi vijana mliopo shuleni hivi sasa,

Katika mkutano wetu mkuu uliopita lilitolewa wazo kwamba chama chetu kichange fedha na kuinunulia shule ng'ombe watano wa maziwa, Friesian halisi, ili kulifufua zizi letu ambalo siku hizi limebaki nguzo na mabati machache. Wazo hilo lilipigiwa makofi mengi. Mimi nami nilipiga makofi. Lakini niliporudi kwenye kituo changu cha kazi moyo wangu haukutulia, kwa sababu mbili. Kwanza, mimi ni ofisa mifugo, na kwa miaka mingi sasa nimeona miradi mingi ya ng'ombe wa maziwa ikianza kwa makofi. Pili, lipo jambo lililotokea katika zizi lile nilipokuwa kidato cha nne, ambalo sijapata kulisema hadharani. Kwa hiyo nilipoombwa na Mhariri niandike makala ya historia, niliona ni vema nieleze historia ya ng'ombe chotara katika nchi yetu, hasa ng'ombe wa Mpwapwa, kisha nifike kwenye jambo hilo.

Sotoka na maabara

Mpwapwa ni mji mdogo chini ya milima, katika Mkoa wa Dodoma. Zamani misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda bara ilipumzika hapo kwa sababu ya maji. Mvua yake ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na baada ya hapo ni kiangazi kirefu ambamo nyasi hukauka na kuwa rangi ya mchanga. Mahali kama hapo mtu hangetazamia kukuta chimbuko la ng'ombe wa maziwa.

Mwanzo wake haukuwa maziwa bali maradhi. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka ulifyeka ng'ombe wa Afrika Mashariki, na jamii nyingi za wafugaji zikabaki katika njaa na umaskini. Serikali ya Wajerumani ikaanzisha maabara ya mifugo Mpwapwa mwaka 1905. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walipoitwaa Tanganyika, kituo hicho kiliendelea kuwa mahali pakuu pa idara ya mifugo. Kwa miaka mingi kazi yake kubwa ilikuwa kuzuia ng'ombe wasife. Swali la ng'ombe huyo atoe nini lilikuja baadaye.

Na swali hilo lilipokuja lilikuwa gumu. Ng'ombe wetu wa asili, yule mdogo mwenye nundu na pembe fupi, akikamuliwa baada ya ndama kupata sehemu yake hutoa lita moja au mbili kwa siku. Wako waliomdharau kwa sababu hiyo. Lakini yapasa tuelewe kwamba mababu zetu, Wagogo na wafugaji wengine, hawakumchagua kwa kutazama ndoo. Walimchagua kwa kutazama ukame. Aliyebaki hai mwezi wa Novemba, akatembea masaa mengi kwenda kisimani na kurudi, akala mabua na bado akazaa mwaka uliofuata, huyo ndiye aliyekuwa mama wa kundi. Nao walifaulu katika hilo walilolitaka.

Ng'ombe wa Ulaya alikuwa kinyume chake. Ayrshire wa Uskoti na Friesian wa Uholanzi wamechaguliwa kwa vizazi vingi kwa ajili ya maziwa, lakini katika nchi za baridi, zenye nyasi mbichi na zisizo na kupe wetu. Ukimleta Mpwapwa akachungwa kama ng'ombe wa kijijini, jua humfanya ahemee na kuacha kula, na kupe humwambukiza ndigana kali. Atakufa kabla hujajua uwezo wake.

Jibu kutoka Bara Hindi

Wataalamu wa Mpwapwa, na miongoni mwao Bwana Hutchison ndiye anayetajwa zaidi, walitafuta jibu mashariki badala ya kaskazini. Katika Punjab kulikuwa na ng'ombe aitwaye Sahiwal, na katika Sindh kulikuwa na Red Sindhi. Hawa nao ni ng'ombe wa nundu, ndugu wa ng'ombe wetu, wenye ngozi iliyozoea jua kali. Tofauti ni kwamba wenyewe walikuwa wamewachagua kwa maziwa tangu zamani. Madume ya aina hizo yalipandishwa kwa majike yetu ya asili. Ikaongezwa damu ya Boran, ambaye ni mkubwa wa mwili, na damu kidogo ya Ulaya, hasa ya Ayrshire.

Hapa naomba vijana wanaosoma baiolojia wasikilize kwa makini. Kumpandisha jike wa aina moja kwa dume wa aina nyingine ni kazi ya siku moja, na matokeo yake mara nyingi hupendeza. Ndama wa kwanza, yule wa nusu kwa nusu, huwa na nguvu ya uchotara: hukua upesi, huzaa vizuri, na huwapita wazazi wake katika mambo mengi ukimtazama katika mazingira yetu. Shida huanza baada ya hapo. Ukimpandisha chotara kwa chotara mwenzake, karibu nusu ya nguvu ile hupotea, na watoto hutofautiana: mmoja humfuata babu wa asili, mwingine babu wa kigeni. Ukimrudisha kwa dume wa kigeni, mtoto anakuwa na robo tatu ya damu ya kigeni, na mjukuu anakuwa na sehemu saba katika nane. Na kila damu hiyo inapozidi, ng'ombe hudai chakula zaidi, maji zaidi na dawa zaidi. Mfugaji asiyeweza kuvitoa hupata maziwa machache kuliko aliyokuwa akiyapata kwa yule wa nusu kwa nusu.

Wale wa Mpwapwa walichukua njia ya tatu, iliyo ndefu kuliko zote. Walichanganya damu hizo, kisha wakazifunga pamoja: chotara waliochaguliwa walizalishwa wao kwa wao, kizazi baada ya kizazi, na wasiofaa waliondolewa, mpaka kundi likaanza kuzaa watoto wanaofanana na wazazi wao. Mwaka 1958 kundi hilo lilihesabiwa kuwa aina mpya ya ng'ombe, likapewa jina la Mpwapwa. Karibu theluthi ya damu yake ilikuwa ya Red Sindhi, kiasi kinachokaribia hicho Sahiwal, karibu moja ya tano ng'ombe wetu wa asili, moja ya kumi hivi Boran, na iliyobaki, chini ya moja ya kumi, ya Ulaya. Alikusudiwa awe ng'ombe wa maziwa na nyama kwa mkulima wa nchi kavu ya kati.

Hawakuwa peke yao. Katika Jamaika, Daktari T. P. Lecky alifanya kazi ya namna hiyo, akipata ng'ombe aitwaye Jamaica Hope, aliyetambuliwa mwaka 1952, ambaye damu yake ni karibu asilimia 80 Jersey, 15 Sahiwal na 5 Friesian. Ndiyo kusema Sahiwal yule yule wa Punjab alisaidia kujenga ng'ombe wa maziwa katika visiwa vya mbali na katika milima ya Ugogo.

Fahali hana kiwele

Je, walijuaje yupi wa kubakiza na yupi wa kuondoa? Hapo ndipo penye kiini cha makala yangu. Jike unaweza kumkamua ukaona. Lakini nusu ya urithi wa kila ndama hutoka kwa baba, na fahali hana kiwele. Anaweza kuwa na shingo nene na ngozi inayong'aa, na kumbe mabinti zake watatoa maziwa ya paka. Ushahidi wake uko mahali pamoja tu, nao ni daftari: mama yake alitoa lita ngapi, kwa siku ngapi, katika kiangazi gani, dada zake walitoa ngapi, na mabinti zake wa kwanza wametoa ngapi. Kwa hiyo kazi ya Mpwapwa ilitegemea watu ambao majina yao hayakuandikwa popote, wakamuaji walioamka alfajiri, wakapima kila ndoo, na kuandika tarakimu ile ile waliyoiona. Kama wangeandika waliyoyapenda, mwaka 1958 kusingekuwa na ng'ombe wa kupewa jina.

Baada ya Uhuru taifa lilihitaji maziwa mengi na kwa haraka, kwa sababu miji ilikuwa ikikua. Katikati ya miaka ya 1970 yaliundwa mashirika ya umma ya mifugo na maziwa, likiwamo la mashamba, DAFCO, na la viwanda, TDL. Mkazo mkubwa ulikuwa kwa ng'ombe wa kigeni na chotara wao katika mashamba makubwa. Mahali pa baridi, kama nyanda za Kitulo kule Makete, Friesian alipata makazi yanayomfaa. Mashamba ya kuzalisha mitamba, kama Sao Hill, Ngerengere, Mabuki na Nangaramo, yalitoa chotara kwa wakulima. Ikaja mipango ya wafugaji wadogo katika Kagera, Tanga na Nyanda za Juu Kusini, na ule utaratibu mzuri wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe, ambamo familia iliyopewa mtamba humlipa kwa kumtoa ndama jike wa kwanza kwa familia nyingine. Mwaka 1983 kituo cha taifa cha uhimilishaji kilianzishwa Usa River, Arusha, na mbegu za madume bora zikaweza kuhifadhiwa katika naitrojeni ya maji, kwa baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, na kupelekwa hadi vijijini.

Hayo yote yameleta manufaa, na familia nyingi zimesomesha watoto kwa maziwa ya chotara. Lakini katika pilikapilika hizo ng'ombe wa Mpwapwa alibaki nyuma. Hakuwa na mabaka meusi na meupe ya kuvutia macho. Idadi yake haikupata kuwa kubwa, na wengi wa waliotoka nje ya kituo walipandishwa na madume ya aina nyingine, damu iliyofungwa kwa shida ikafunguka tena. Hadi leo anatunzwa Mpwapwa, katika kituo kilicho chini ya Taasisi ya Utafiti wa Mifugo Tanzania, lakini kundi lake bado ni dogo. Kujenga kundi kulichukua miaka mingi. Kulipunguza hakuhitaji adui, kunahitaji kusahau tu.

Neema na Mashaka

Sasa nifike kwenye zizi letu. Wenzangu wa miaka ya 1990 mtakumbuka kwamba shule ilikuwa na ng'ombe wawili wa kukamuliwa. Neema alikuwa mkubwa, mwenye mabaka meusi na meupe, damu nyingi ya Friesian. Wageni walipokuja walipelekwa kumwona. Mashaka alikuwa mwekundu, mfupi, mwenye kinundu, na mwalimu wetu wa kilimo alituambia kwamba damu yake nyingi ilikuwa ya Mpwapwa. Hakuna mgeni aliyepelekwa kumwona Mashaka. Maziwa yao yalikwenda kwenye uji wa wanafunzi wagonjwa, na kwa wenzetu waliokuwa na vidonda vya tumbo ambao daktari aliwakataza maharage.

Mwaka 1996, nikiwa kidato cha nne, nilikuwa kiongozi wa zizi, na daftari la kukamulia lilikuwa mikononi mwangu. Kila alfajiri na kila jioni ilitakiwa nipime na kuandika. Kuanzia mwezi wa Juni mtihani ulianza kunitisha. Nikawa nawaachia wenzangu ndoo, na mimi najisomea. Kisha Jumapili jioni nikawa naliandika juma zima kwa mara moja, kwa kubuni. Neema nilimwandikia lita nane, wakati mwingine tisa. Mashaka nilimwandikia nne. Sikuwa na sababu nyingine ila kwamba Neema alifanana na ng'ombe wa picha katika kitabu.

Kiangazi kilipokaza, Neema alipungua sana. Mashaka, kwa kula mabua yale yale, alishikilia kiasi chake karibu bila kushuka. Kila mkamuaji aliliona jambo hilo katika ndoo. Katika daftari halikuwamo.

Mwezi wa Agosti pampu ya maji ya shule iliharibika, na ikaamuliwa ng'ombe mmoja auzwe. Mwalimu wa kilimo aliniita, akafungua daftari mezani, akaniuliza, "Kijana, hesabu hizi ni za kweli?" Nikajibu, "Ndiyo, Mwalimu." Mashaka akapelekwa mnadani siku ya Jumamosi. Mpaka Oktoba Neema alikuwa akitoa chini ya lita moja, na mwezi wa Novemba, tulipokuwa katika mtihani, ndigana kali ilimpata. Alikufa kabla ya mvua za kwanza. Wagonjwa wakanywa uji mtupu, na zizi halikupata ng'ombe mwingine tena.

Mwalimu hakunifokea. Aliniomba nirudishe daftari, akalitazama kwa muda, akaliweka kabatini. Nadhani alikuwa amekwisha jua. Amekwisha tutangulia mbele ya haki, na sikupata kumwomba radhi. Nawaomba radhi ninyi, hasa wale wenzangu wa chumba cha wagonjwa. Miaka minne baadaye nilichagua kusomea mifugo katika Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, na walioniuliza sababu niliwapa jibu jingine.

Ushauri wangu

Kwa hiyo, ndugu zangu, nitoe maoni yangu kama mtumishi na kama mkosaji. Sipingi kufufua zizi. Napinga kuanza na ng'ombe.

Hebu tupige hesabu. Ng'ombe wa Friesian mwenye uzito wa kilo 500 hula kwa siku chakula kikavu cha kilo 15 hivi. Ng'ombe watano kwa kiangazi cha miezi saba wanahitaji karibu tani 16, sawa na marobota karibu 800 ya hei yenye kilo 20 kila moja. Juu ya hayo kuna maji, ambayo kwa kila mmoja ni makumi ya lita kila siku, wakati wanafunzi wenyewe hupanga foleni bombani. Katika eneo letu hili la mvua ya msimu mmoja, kuwaleta kabla ya kuwa na hei ni kuwaleta kufa.

Napendekeza mwaka wa kwanza fedha zetu zijenge tangi la kuvuna maji ya mvua na banda la hei, na wanafunzi wapande mabingobingo bondeni na kukata nyasi mwishoni mwa masika kabla hazijakomaa. Mwaka wa pili tununue mitamba wawili au watatu, chotara wa nusu kwa nusu, ambao ni wadogo wa mwili na wavumilivu zaidi; na tufanye mazungumzo na kituo cha Mpwapwa kama tunaweza kupata ng'ombe wa aina yake, ili shule yetu iwe mojawapo ya mahali wanapotunzwa. Wachanjwe dhidi ya ndigana kali, na waogeshwe dawa ya kupe kila juma, likizo ikiwamo, kwa maana kupe hawana likizo. Atafutwe mtu wa kulipwa kwa kazi hiyo shule inapofungwa.

Na daftari liwepo tangu siku ya kwanza. Kila ukamuaji uandikwe palepale, na wanafunzi wawili watie saini, mmoja aliyekamua na mmoja aliyeshuhudia. Siku ambayo hawakupima, waandike kwamba hawakupima. Mstari mtupu hauharibu kundi.

Daftari la kwanza nitalinunua mimi, lenye jalada gumu, na nitalileta katika mkutano wetu ujao. Naomba wazo la ng'ombe watano lirudishwe kwenye ajenda, tulizungumze upya kwa utulivu. Nanyi vijana mtakaopewa daftari hilo, mtihani utakapowatisha kama ulivyonitisha mimi, mwendeeni mwalimu mkamwambie kwamba kazi imewazidi. Atawapa mtu wa kuwasaidia. Mimi sikufanya hivyo, na Mashaka akaenda mnadani.